Zamu Moja, Majina Mawili

Hebu nikuulize wewe unayenisikiliza: mtu ambaye kazi yake ni kuhakikisha watu hawagongani mlangoni, yeye mwenyewe atagongana na nani?

Tellervo alikuwa na kazi ya namna hiyo. Aliishi Oulu, mji wa kaskazini mwa Finland, ghorofa ya tatu ya nyumba ya matofali iliyo karibu na mto, na kazi aliifanyia jikoni kwake, mezani, kati ya birika la kahawa na chungu cha ua ambalo halikuwahi kuchanua. Kampuni yao ilikuwa ndogo, watu tisa tu, na ilikuwa na programu moja ya simu. Kwa programu hiyo watu wa nyumba za ghorofa, huku na kule nchini, waligawana sauna, kile chumba cha moto cha kuogea mvuke. Sauna ya nyumba ni moja, iko chini kando ya chumba cha kufulia, na wenye kuitaka ni wengi, basi lazima awepo wa kupanga nani anaingia saa ngapi. Siku inayogombewa hasa ni Ijumaa. Zamu za Ijumaa hufunguliwa Alhamisi saa sita mchana, na aliyebonyeza wa kwanza ndiye mwenye saa yake. Aliyechelewa ataoga kwa bomba, ajisikitikie.

Sasa, programu kama hiyo haikai ndani ya simu yako. Inakaa kwenye kompyuta kubwa za kukodi, ambazo wenyewe huziita mawingu, ingawa ukweli ni majengo ya zege yanayovuma usiku na mchana. Tellervo aliiweka programu yao katika mawingu matatu ya wenye mali watatu tofauti, moja hapo hapo Finland, moja Ireland na moja Uholanzi, ili moja likianguka mengine yaendelee na kazi na watu wasijue. Lakini usidhani yalifanana. Kila wingu lilikuwa na funguo zake, amri zake na njia yake ya kununa. La Ireland ukilibadilishia kitu bila kulitayarisha, linasusa. La Uholanzi linakubali kila linachoambiwa halafu halifanyi. Tellervo alikuwa katikati yao kama mama wa kambo mwenye watoto wa baba watatu, akihakikisha wote wanasema neno moja wakiulizwa.

Na hayo mawingu ndiyo yaliyoongea naye zaidi. Bosi wake, Jarkko, alikaa Espoo, mji wa kusini, akitokea kwenye kioo cha kompyuta mara mbili kwa wiki. Majirani hakuwajua. Pale kwao mtu akitaka kutoka husimama kwanza nyuma ya mlango, achungulie kwenye kitundu, asikilize, mpaka nyayo za ngazini zipotee, ndipo afungue. Tellervo alifanya hivyo, na alijua kabisa kwamba na wenzake wanafanya hivyo wakimsikia yeye. Tangu atengane na mumewe akahamia pale, mwaka wa nne ulikuwa unakwisha. Majina ya watu aliyajua kutoka kwenye vibao vya milangoni.

Kila Ijumaa saa kumi na moja jioni alishuka saunani na taulo, kitambaa cha kukalia na chupa ya maji. Alimwagia mawe maji, mvuke ukapanda, akakaa. Benchi lile la juu lingetosha watu watano. Alikuwa amezoea kukaa pembeni kabisa, kama anayemwachia mtu nafasi.

Sasa sikia kilichotokea.

Kampuni yao ilikuwa na desturi ya kufanya zoezi kila mwezi, siku ya Jumatano. Wanaliangusha wingu moja makusudi, kuona kama mengine yataushika mzigo. Mwezi wa Desemba Jumatano ikaangukia siku ya uhuru. Siku hiyo hakuna anayefanya kazi. Tellervo aliwasha mishumaa miwili dirishani kama madirisha mengine yote ya mtaa, akala mkate mweusi wa nafaka ya rai na samaki wa kuvuta moshi, akatazama kwenye televisheni wageni wa Ikulu wakipanga foleni kumpa mkono rais. Alizitazama zile nguo na ile mikono. Mtu mmoja baada ya mwingine alishikwa mkono. Alitazama mpaka mwisho.

Basi zoezi likasogezwa Alhamisi. Wakapanga lianze kabla kidogo ya saa sita mchana. Watu tisa wenye akili zao, kazi yao ni zamu za sauna, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka kinachofunguliwa Alhamisi saa sita mchana.

Tellervo akakata waya, tuseme hivyo, kati ya wingu la Finland na wenzake. Wingu la Ireland likaona mkubwa wao, yule wa Finland, hasemi, likadhani amekufa, likajitawaza. Lakini wa Finland hakuwa amefariki. Alikuwa hasikii tu, na yeye akadhani waliokufa ni wenzake. Ni kama makarani wawili wa tiketi waliowekewa ukuta katikati, kila mmoja anauza viti vya basi lile lile akijiona yuko peke yake. Saa sita ikapiga, nchi nzima ikabonyeza simu. Tellervo aliporudisha waya, zamu nyingi za Ijumaa zilikuwa na wenyewe wawili wawili.

"Tellervo, dada yangu," Jarkko alisema kutoka kwenye kioo, mkono kichwani, "kesho kutakuwa na watu uchi wakigombana Finland nzima."

"Naona."

"Mimi nacheka ili nisilie. Utaweza kutenganisha?"

"Kanuni ni ile ile? Aliyebonyeza kwanza abaki?"

"Aliyebonyeza kwanza abaki. Wa pili mwombe radhi, mpe zamu ya wiki ijayo. Na usiruhusu mashine itume yenyewe, leo siiamini. Angalia kila moja kwa macho yako."

Akaangalia kila moja kwa macho yake, Alhamisi ile mpaka jioni na Ijumaa tangu asubuhi. Turku, Kuopio, Lahti, mji baada ya mji. Jina na jina, sekunde na sekunde. Alibonyeza, na mtu asiyemjua akapata ujumbe: samahani, zamu hii ina mwenyewe. Wengine walijibu matusi. Bwana mmoja wa Pori aliandika kwamba amechukua zamu ile ile tangu sauna ilipojengwa, na kwamba wataalamu wa kompyuta wote wapelekwe msituni wakahesabu miti. Tellervo alimjibu kwa adabu. Kahawa ilipoa kikombeni, akaimwaga, akaweka nyingine, nayo ikapoa.

Ijumaa alasiri, nje kukiwa kumeshakuwa giza kama ilivyo kule Desemba, akafika Oulu, na ndani ya Oulu nyumba yake mwenyewe.

Saa kumi na moja jioni. Majina mawili. La kwanza Ylitalo Hilkka, mlango wa pili, chini. La pili lake yeye; hata katikati ya zoezi kidole chake kilikuwa kimebonyeza kwa mazoea, bila kufikiri.

Hilkka alikuwa amebonyeza mapema kidogo. Kanuni haikuwa na shaka. Barua ya kuomba radhi ilikuwa tayari imeandikwa, imeelekezwa kwa Tellervo, inamngoja Tellervo aitume. Aliisoma kama hakuwa ameisoma tangu jana. Samahani, zamu hii ina mwenyewe.

Kidole kikakaa juu ya kitufe.

Akafikiri: nikibonyeza, jioni nitakaa hapa hapa. Nikiondoa jina lake yeye, nitakuwa mwizi, na nitakaa kule chini pembeni ya benchi kama siku zote. Kulikuwa na njia ya tatu, ambayo siku nzima alikuwa akiifuta kila alipoikuta, kutoka kaskazini mpaka kusini. Asifanye kitu. Aache majina yote mawili.

Jarkko akatokea kwenye kioo.

"Ehe, umemaliza?"

"Imebaki moja."

"Wapi?"

"Huku Oulu. Hiyo niachie, nitaishughulikia mwenyewe."

"Wewe ni chuma, bwana. Nenda kapumzike."

Akafunga kompyuta. Moyo ulimdunda kama amevunja dirisha la mtu.

Alishuka mapema. Akavua nguo chumbani mwa kuvulia, akaning'iniza joho lake, akajifunga taulo, akakaa kwenye kibenchi. Hakuingia ndani. Mawe yalikuwa yamekwishapata moto, aliyasikia yakialika nyuma ya mlango. Alijiambia hatakuja. Kisha akajiambia, akija je, nitasema nini? Akainuka aondoke, akakaa tena.

Mlango ukasukumwa kwa nyonga. Akaingia mwanamke mnene wa miaka sabini na ushei, kofia ya sufu kichwani, kapu mkononi, na ndani ya kapu taulo, chupa ya juisi ya beri na soseji ya kupasha juu ya mawe, iliyofungwa kwa karatasi ya bati.

"Weee! Kuna mtu!"

"Habari za jioni, mama."

"Sema kwa nguvu, masikio yangu yalibaki kiwandani. Nimeendesha kreni kwenye kiwanda cha karatasi maisha yangu yote."

"Nasema habari za jioni!"

"Sasa hapo umezidisha." Akatoa simu, akaisogeza mbali na macho. "Saa kumi na moja, Ylitalo. Hebu soma, mwanangu, si ndivyo?"

"Ndivyo. Na yangu inasema hivyo hivyo."

"Lete." Akaziweka simu mbili pamoja, akazitazama moja hadi nyingine. "Basi moja kati ya hizi ni mwongo, na yangu mimi nimeinunua juzi."

Tellervo akacheka. Kicheko kilimtoka kikavu, kama bomba ambalo halijafunguliwa siku nyingi.

"Usicheke, ni aibu hii. Zamani kulikuwa na karatasi hapo mlangoni na penseli imefungwa kamba. Unaandika jina lako, yamekwisha. Sasa wamekuja hawa wa kompyuta. Wamekaa huko Helsinki, makalio yamekuwa mraba kwa kukaa, hata kuhesabu mpaka mbili hawawezi!"

"Pengine wamekosea tu, mama."

"Kukosea ni kwako na kwangu. Wao wanalipwa." Akachukua kapu. "Basi, wewe umeshavua, wewe kaa. Mimi nitaoga kwa bomba."

"Hapana, kaa wewe. Wewe ndiye uliyebonyeza kwanza."

"Umejuaje?"

Hilkka hakungoja jibu, alikuwa tayari anajifunga skafu.

"Kaa, binti. Mimi nimezoea. Kule juu kwenye kreni nilikuwa nakula peke yangu, naimba peke yangu, hata kwenda haja lazima niombe kwa redio. Saa moja ya sauna hainiui." Akaushika mlango. "Lakini Jumatatu hao watu nawaandikia. Nataka jina la mtu aliyefanya upuuzi huu."

Baridi ya ngazini ikaingia, ikamgusa Tellervo miguuni. Aliona mgongo wa yule mama, koti limevaliwa vibaya upande mmoja, na akajua kwamba mgongo ule ukishapita pale yeye mwenyewe atarudi kusimama nyuma ya kitundu cha mlango wake, na wote wawili watasikilizana nyayo mpaka mmoja wao afe.

"Usiwaandikie," alisema. Hilkka hakusikia. "Mama Hilkka! Usiwaandikie! Mtu huyo ni mimi!"

Hilkka akageuka polepole.

"Wewe ndiye nani?"

"Wa kompyuta. Mimi ndiye niliyezigonganisha. Nimezitenganisha zote tangu jana, nchi nzima, kila mmoja na saa yake. Hii niliiona. Nililiona jina lako."

Hilkka alimtazama kuanzia nywele mpaka vidole vya miguu, kama anayetafuta pale ulipo ule mraba.

"Umetengeneza za nchi nzima," akasema, "yetu ukaiacha."

"Niliiacha."

"Makusudi?"

"Makusudi."

"Kwa nini, sasa?"

Tellervo akalishika taulo lake kwa mikono miwili. Halafu akasema kwa sauti ya kusikika na masikio yaliyobaki kiwandani, sauti iliyopanda ngazi na pengine ikapita kwenye vitundu vyote vya milango:

"Nilitaka mtu akae na mimi humo ndani!"