Mpaka Nigonge Mara Nne

Ghala lile nililifagia mimi. Nianze na hilo, ili mtu asije akadhani nilikuwa mgeni pale. Mimi ni fundi wa matairi, na bosi wangu alinipa funguo za ghala kwa Jumapili moja kwa sababu ya miaka tisa ya jasho langu, si kwa sababu anapenda roki. Nilifika saa kumi na mbili asubuhi, nikapanga matairi ya malori ukutani hadi yakampita mtu kwa urefu, nikanyunyiza maji sakafuni kutuliza vumbi. Halafu nikanawa mikono mpaka kwenye viwiko, nikavaa jaketi jeusi nililolinunua kwa ajili ya siku hiyo tu.

Tulikuwa tunapigwa picha ya jalada la albamu yetu ya kwanza. Bendi ni watu wanne: mdogo wangu anaimba, Nyaya anapiga gitaa, Mzito anapiga besi, na mimi napiga dramu. Tuko pamoja mwaka wa kumi na moja huu. Mazoezi tunafanyia sebuleni kwa mama yetu, na tangu aliposikia kuna albamu, mama alishapigilia msumari ukutani, katikati ya picha za harusi za ndugu zetu.

"Hapa ndipo mtakapokaa wewe na mdogo wako," aliniambia. "Nimechoka kuulizwa binti yangu mkubwa anafanya nini na maisha yake."

Kila nilipopita pale niliugusa ule msumari.

Mpiga picha alikuja na bwana wa kampuni iliyoturekodi. Akapiga picha kama kumi za watu wanne, akazitazama kwenye kamera, bwana wa kampuni akamnong'oneza kitu.

"Dada, rudi nyuma kidogo," mpiga picha akasema.

Nikarudi.

"Sogea kulia. Kidogo tena."

Nikasogea mpaka bega likagusa matairi. Hapo bwana wa kampuni akanijia na tabasamu lake.

"Dada, wewe ndiye uti wa mgongo wa bendi hii, nani asiyejua? Hebu tusaidie kushika hiki, dakika mbili tu." Akanipa kitambaa cha duara kinachong'aa, cha kurudishia mwanga kwenye nyuso za watu. "Una mikono imara."

Alikuwa ananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na nilijua. Nikamtazama mdogo wangu, mtoto niliyembeba mgongoni mimi mwenyewe. Alikuwa anakagua kola ya shati lake. Nyaya na Mzito wakajifanya hamnazo. Wanaume wazima watatu, ghafla viatu vyao vikawa na mengi ya kutazama.

"Dakika mbili tu, dada," mdogo wangu akasema, macho chini.

Damu ilinichemka, lakini nikashika.

Ndipo kazi ikagoma. Mpiga picha alihesabu moja, mbili, tatu, akabonyeza. Nyaya kafumba macho, Mzito mdomo wazi. Akarudia. Akawabadilisha nafasi, akarudia tena. Saa nzima ikaisha hivyo. Ningeweza kumwambia tatizo ni nini, ila hakuniuliza. Sisi hatuanzi kwa tatu. Mdogo wangu ana haraka tangu utotoni, akiachwa aanze mwenyewe wimbo unamponyoka. Kwa hiyo miaka yote hiyo nimewafundisha: hakuna anayegusa kitu mpaka nigonge vijiti mara nne, na nikigonga, kila mtu ananiangalia mimi. Bila hilo wanasimama kama watu wanaosubiri kung'olewa jino.

"Hawa vipi?" bwana wa kampuni akauliza. "Wamekufa?"

Mdogo wangu akajikuna shingo. "Dada," akasema, "tuhesabie."

Nilitamani kumpiga nacho kile kitambaa. Alipata wapi uso wa kuniomba hivyo? Lakini nikafikiri, na upumbavu wangu ndio huo, kwamba wakisikia vijiti aibu itawaingia, na mmoja wao atasema dada aje huku. Nikakibana kitambaa kwa goti, nikachomoa vijiti mfuko wa nyuma, nikagonga. Moja. Mbili. Tatu. Nne.

Wakaamka. Shingo zikanyooka, macho yote sita yakaja kwangu, makali, yenye njaa, vilevile yanavyokuja jukwaani. Kamera ikalia.

"Hiyo hapo," mpiga picha akasema. "Jalada tumepata."

Wakagonganisha viganja kwa furaha. Hakuna aliyesema dada aje huku.

Nikakiachia kitambaa kikaanguka kwenye maji ya sakafuni. "Dakika mbili zimekwisha," nikasema. "Tokeni, nafunga."

Mdogo wangu alinifuata mlangoni. "Dada, ni picha tu. Watu wa kampuni walisema bila wewe albamu itauzika zaidi. Ningefanya nini?"

"Ungefungua mdomo. Si ndiyo kazi yako kwenye bendi?"

Nikazungusha funguo mpaka kiganja kikaniuma.

Wiki tano baadaye mdogo wangu alilileta jalada kwa mama, kalitia fremu ya kioo. Mama akalitundika mwenyewe kwenye msumari wake, akavaa miwani, akasogea karibu. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma ya dramu, kwenye kona yangu.

"Mwanangu," akamwambia, "dada yako yuko wapi hapa?"

Mama akapitisha kidole juu ya kioo.

"Na mbona nyote mnatazama pembeni? Kuna nani huko?"

Mdogo wangu akanigeukia. Macho yalikuwa yaleyale ya kwenye picha. Alikuwa anasubiri nimwanzishie.

"Usimwangalie yeye," mama akasema. "Nakuuliza wewe."

Vijiti vilikuwa mapajani mwangu. Sikugonga.