Dume Aitwaye Cassian

Joanitha alipokabidhiwa kazi ya kuweka hifadhidata ya ng'ombe katika ofisi ya umoja wa wafugaji pale Rubwera, akachagua programu isiyotumia majedwali, mwenzake Cassian alicheka hadi akapaliwa. Wote wawili walikuwa mafundi kompyuta wa umoja huo, na Cassian hakuamini kitu kisichokaa kwenye jedwali.

"Sasa ukitupa majedwali, ng'ombe watakaa wapi? Hewani?"

"Ng'ombe wa Mzee Twinomujuni anajulikana pembe, rangi, ukoo, mpaka bibi yake," Joanitha alimjibu. "Wa Rozi anajulikana jina tu. Nikiwabana kwenye jedwali moja, visanduku vitabaki vitupu kibao. Hapa kila ng'ombe ana waraka wake. Unaandika unachokijua, basi."

Akajifungia na seva yake ya Linux, isiyo na picha wala vitufe vya kubofya, maneno matupu kwenye skrini nyeusi. Akaielekeza mahali pa kupakua programu, akaisakinisha, akaiwasha, akaiamuru ijiwashe yenyewe kila umeme ukirudi, maana umeme wa pale ukiondoka hauagi. Kisha akaifungulia njia ya mtandao ili kompyuta zote za ofisi ziifikie. Paswedi angeiweka akitoka kunywa chai.

Chai ilikuja na maandazi, maandazi yakaja na umbea.

Aliporudi, akakuta waraka ambao hakuuandika. *Jina: Joanitha. Jinsia: jike. Maziwa: haba. Tabia: hurusha mateke akikamuliwa, tena anajisikia sana.*

Chumba cha pili mtu alikuwa anabana kicheko. Masikio ya Joanitha yakapata moto. Alitamani kwenda kumtwanga Cassian kwa kibodi, ila ni yeye mwenyewe aliyeacha mambo wazi. Akaketi. Akamfuta yule ng'ombe. Akaweka akaunti ya msimamizi na paswedi ndefu, akarekebisha faili la mipangilio ili kila anayeingia ajitambulishe kwanza, akaiwasha upya huduma. Halafu akatabasamu peke yake, akamfungulia Cassian akaunti: ruhusa ya kusoma tu.

"Cassian, wewe ndiye mwenye sauti," alimwambia kwa upole. "Kesho wafugaji wakija, uwaonyeshe wewe."

Cassian, aliyependa kusimama mbele za watu kuliko kula, alikubali papo hapo.

Kesho yake ukumbi ulijaa watu wa Kaisho na Mabira. Cassian alikuja na tai. Mzee Twinomujuni, mwenyekiti wao, alikaa mbele na fimbo yake.

"Shikamooni wazee! Sasa tuwatazame madume," Cassian alisema, akabonyeza.

Ukutani pakatokea maandishi makubwa: *Jina: Cassian. Jinsia: dume. Umbo: tumbo mbele. Kazi: hana. Tabia: huingia boma la watu likiwa wazi, akifukuzwa hulia kama ndama.*

Cassian akabonyeza kufuta. Kompyuta ikamjibu kwamba hana ruhusa. Akabonyeza tena. Hana ruhusa. Nyuma kabisa, Joanitha alikuwa ameuma pindo la kitenge.

"Waitu, jamani, huyu ni wa nani?" Mzee aliuliza, uso mkavu.

"Ndiye aliyemaliza migomba yangu!" Benadeta wa Kaisho aliruka. "Nilijua tu ana mwenyewe!"

"Dume asiye na kazi na msumbufu wa nini? Ahasiwe," Mzee akaamua. "Wanaokubali?"

Mikono ikapanda ukumbi mzima.

"Jamani, shusheni mikono!" Cassian alipiga kelele, jasho likimchuruzika mpaka kwenye tai. "Huyo dume ni mimi! Nilianza mimi, jana Joanitha alipoacha kompyuta wazi akaenda kunywa chai, nikamwandika kuwa ng'ombe!"

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Mzee Twinomujuni alicheka hadi fimbo ikamdondoka. Alipopata pumzi akamgeukia Joanitha.

"Na wewe mwanangu, uliacha boma la ng'ombe wetu wazi ukaenda kunywa chai?"

Joanitha akainama, kicheko kimemkauka. "Niliacha, mzee. Mnisamehe, sitarudia."

Akaja mbele, akamfuta dume, akamwongezea Cassian ruhusa ya kuandika. Cassian alimtazama kwa jicho la pembeni, akashindwa kujizuia, akacheka. Benadeta alikwisha kufika mezani na simu yake, picha ya mtamba iko wazi.

"Andikeni wangu," alisema. "Huyu ana mapozi, ila msiandike hivyo."