Mkaa Kinywani mwa Shemasi

Niseme mapema ili mtu asije akaninong'ona pembeni: mimi ndiye Kemuma, Mama Levi, yule wa maharagwe pale soko la Suna, na meno yangu ni ya kahawia. Si manjano. Kahawia. Nina miaka sitini na minne, mume wangu nilimzika miaka minne iliyopita, na sauti yangu haijawahi kupasuka hata siku moja. Kwa zaidi ya miaka thelathini mimi ndiye ninayeanzisha nyimbo katika kwaya yetu ya Wasabato, na kuna wachungaji waliokuja Migori wageni wakaondoka wakiuliza jina langu. Sijigambi. Au tuseme najigamba, kwani kuna ubaya gani?

Mwaka jana mwezi wa saba, mwalimu wetu wa kwaya, Angwenyi, alisimama baada ya mazoezi akatangaza kwamba kwenye makambi ya Homa Bay tutarekodi video. Makambi ndiyo mkutano wetu mkubwa wa kila mwaka, wiki nzima ya mahubiri na nyimbo. Watu wakapiga makofi, na mimi nikapiga kuliko wote. Kisha Angwenyi akakohoa.

"Lakini hawa watu wa kamera wanasema picha itakuja karibu sana na uso wa anayeanzisha," akasema. "Karibu na mdomo." Akaniangalia mimi, halafu akaangalia viatu vyake. "Kwa hivyo tutaona nani atasimama mbele. Labda Joyline ajaribu."

Joyline alikuwa nyuma yangu. Ana miaka ishirini na minne, meno yake meupe yamepangika vizuri. Sauti anayo, tena mimi ndiye niliyemfundisha, ila bado ni ndogo, haifiki mlangoni.

"Shida ni sauti yangu?" nikamuuliza Angwenyi mbele ya watu.

"La, Mama Levi. Kwa sauti hakuna shida."

"Ni miguu? Siwezi kusimama?"

"Hapana."

"Sema basi."

"Ni hiyo rangi, mama," akasema polepole. "Ya meno."

Haki ya Mungu nilichoka. Huyu Angwenyi nilimfuta kamasi akiwa darasa la watoto. Leo amefuga ndevu, ameshika kijiti cha kuongozea kwaya, ananiambia habari za meno! Nikamuuliza ataamua lini. Akasema Jumapili ya mwisho kabla ya safari, yaani wiki nne. Nikamwambia vizuri, tuonane hiyo Jumapili, nikafunga kitambaa changu nikaondoka.

Nilikuwa na hasira, lakini nilipofika nyumbani nililia. Wimbo ule wa kufunga makambi ni wangu. Maneno niliyatunga mimi, mahadhi yake niliyatoa mimi, na kila mwaka watu wakishausikia ndipo wanajua sasa twende nyumbani. Kunitoa pale mbele ni kama kuniambia nimeshazeeka, nikae na wazee wenzangu tusinzie.

Kesho yake nikamwendea Dorah, jirani yangu sokoni anayeuza mafuta na sabuni za kujipamba. Dorah haulizi mtu swali mara mbili. "Ndimu na magadi," akaniambia. "Changanya, sugua asubuhi na jioni. Wiki moja tu utaniletea zawadi."

Nikasugua. Mchanganyiko ule ulitoa povu kinywani hadi machozi yakanitoka, nami nikajipa moyo kwamba dawa ikiuma ndiyo inafanya kazi. Siku ya nne meno yote yalikufa ganzi. Nikinywa maji, nashtuka. Nikifungua mdomo kuimba, hewa inaingia kama sindano. Na rangi? Iko palepale, imetulia, inanitazama kwenye kioo.

Ndipo nikaenda kwa daktari wa meno mjini, msichana mdogo mwenye miwani na mikono mitulivu. Akaniangalia kinywani kwa muda, akatikisa kichwa.

"Mama, hii ndimu inakula meno. Ukiendelea hivi utabaki na matatizo, si weupe. Sisi sote tukizeeka, ile sehemu nyeupe ya juu inakwisha kidogo kidogo, ndani kunaonekana manjano. Hiyo si uchafu, ni umri. Lakini hii kahawia ni kitu kingine, imetoka nje, ni vitu unavyokula na kunywa. Unakunywa chai?"

Na hapa ndipo nilipoteleza. "Mimi?" nikasema. "Mimi ni Msabato, daktari. Tena shemasi."

Anayejua kanisa letu atanielewa. Chai ya majani tunafundishwa tuiache, kama kahawa na pombe. Wako wanaokunywa, tunajuana, lakini shemasi anatakiwa awe mfano. Mimi mwenyewe ndiye ninayewafundisha akina mama Jumatano, na mdomo huu huu umewaambia mara ngapi wachemshe mchaichai na maji ya tangawizi. Na kila alfajiri, mlango ukiwa umefungwa kwa komeo, nachemsha majani hadi sufuria inakuwa nyeusi, naketi jikoni, nakunywa. Vikombe viwili, bila kukosa.

"Tumbaku je?" daktari akauliza.

"Ashindwe!"

"Basi sijui ni nini," akasema, na miwani yake ikanikazia macho. "Ningeweza kuyasafisha, lakini fizi zako zimechubuka. Zipone kwanza, rudi baada ya mwezi mmoja na nusu. Tumia mswaki laini, dawa ya kawaida, pole pole. Ndimu uache kabisa. Na tafadhali usiende kusugua na mkaa, najua watu wanafanya hivyo."

Mwezi mmoja na nusu! Mimi nilikuwa nimebakiza siku kumi na tisa. Lakini neno moja lilibaki masikioni njia nzima. Mkaa. Haki sikuwa nimeufikiria.

Nikatwanga mkaa kwenye kinu hadi ukawa laini kuliko unga wa wimbi, nikauweka kwenye kijikopo cha bati. Kila alfajiri baada ya chai yangu natoka nyuma ya nyumba, nasugua kwa kidole, natema chini ya mgomba. Wiki ya kwanza nikaona kama kuna tofauti. Au nilitaka kuiona.

Alhamisi moja kumepambazuka vizuri tu, nikiwa nimeinama pale mgombani, kinywa kimejaa, nikasikia, "Mama Levi, hodi?" Ni Joyline. Amekuja kuchukua vitambaa vya meza ya Bwana ambavyo mimi kama shemasi huwa navifua. Amezunguka nyumba, yuko hatua tatu kutoka kwangu. Siwezi kujibu, nikifungua mdomo mkaa unamwagika kifuani. Nikaziba mdomo kwa mkono mmoja, kwa mwingine nikampungia aende mbele. Akaangalia mkono wangu mweusi. Akaangalia chini, mate meusi yametapakaa. Akaangalia kile kijikopo. Halafu akarudi nyuma, na nilipokuja mbele na mdomo uliosukutuliwa, hakuwepo. Vitambaa alikuwa ameviacha kwenye kamba.

Jumapili ile ya mwisho nikavaa gauni langu la bluu nikaenda kusikiliza uamuzi wa Angwenyi. Nikaambiwa kwanza niingie chumba cha wazee. Ndani walikuwa Mzee wa Kanisa Ratemo, Angwenyi mwenyewe, na Joyline amekaa pembeni akisokota kona ya leso yake.

Mzee Ratemo ni mtu wa haki lakini hana njia fupi. Aliomba, akauliza habari za biashara, akauliza mvua za Awendo ambako kijana wangu Levi anaendesha trekta ya miwa. Kisha akasema, "Mama Levi, kuna jambo limeletwa. Si umbea. Aliyelileta amelileta kwa uchungu. Imesemekana unatafuna tumbaku."

Nilicheka. Kweli, nilicheka kwa sauti. Kisha nikaona hakuna mwingine anayecheka.

"Nani kasema?"

"Ni mimi, mama," Joyline akasema, machozi yakimlengalenga. "Nyanya yangu alikuwa anatafuna. Najua mate yake yalivyo. Na kijikopo chake kilikuwa vilevile. Aki sikutaka kuongea, lakini ukiwa mgonjwa wa hiyo kitu ni nani atakusaidia?"

"Unataka nafasi yangu!"

"Sitaki!" Akalia sasa waziwazi. "Ule wimbo naogopa. Nilimwambia mwalimu nitaukosea. Muulize."

Nikamgeukia Angwenyi. Akaitikia kwa kichwa. Hasira yangu ikakosa pa kukaa.

"Ni kweli ama si kweli, mama?" Mzee Ratemo akauliza. "Ukisema si kweli, nitakuamini. Lakini utuambie ni nini kile ulichokuwa unatema."

Nilikuwa na njia mbili. Ningesema ni dawa ya fizi, wangeniamini, ningetoka pale na wimbo wangu. Uongo mdogo tu, na nilishazoea, miaka yote. Nikawaangalia wale watu watatu. Nikajiona nikifungua mdomo huo huo mbele ya ziwa kule Homa Bay, kwaya nzima nyuma yangu, nikiimba habari za kuingia nyumbani kwa Baba nikiwa na uongo umekaa kwenye ulimi. Nikasema moyoni, Kemuma, umeogopa nini wewe? Hujawahi kumwogopa mtu.

"Ni mkaa," nikasema. "Nilisugua meno yawe meupe, kwa sababu mwalimu hapa alinionea aibu. Kwanza ndimu, halafu mkaa. Nilitaka kuonekana kijana kwenye picha. Hiyo ni moja."

Angwenyi akainamisha kichwa.

"Ya pili. Hayakuwa meupe na hayatakuwa, kwa sababu nakunywa chai. Majani, mzee. Kali, nyeusi, bila maziwa. Vikombe viwili kila siku ya Mungu, na mazoea yenyewe ni ya tangu kabla sijawa shemasi. Na kila Jumatano nimewafundisha wenzangu waiache."

Nje, akina mama walikuwa wanapanga viti.

"Viwili?" Mzee Ratemo akauliza. Sijui kwa nini aliuliza hilo kati ya yote.

"Marehemu mume wangu, Nyangau, alikuwa anafanya kazi ya usiku kiwandani Awendo," nikasema. "Mlinzi. Hakuwa wa kanisa letu, mnajua. Alikuwa akishuka alfajiri anachemsha chai yeye mwenyewe, ananiamsha, tunakunywa pamoja jikoni. Kikombe chake na changu. Ndiyo saa pekee tuliyokuwa tunaonana macho kwa macho, maana nikitoka sokoni yeye ameshaondoka. Miaka thelathini na tano, mzee. Tangu amekufa nachemsha ile ile. Nakunywa changu. Halafu chake kinapoa pale mezani, siwezi kukimwaga. Nakinywa nacho."

Sikulia. Aliyelia ni Angwenyi, na ndevu zake zote.

Mzee Ratemo alivua miwani akaipangusa muda mrefu. "Unaweza kuiacha?" akauliza mwishowe, taratibu kabisa.

"Nikikwambia ndiyo nitakuwa nakudanganya ndani ya nyumba ya Mungu. Sijui kama naweza."

"Basi ushemasi utaupumzisha," akasema. "Na lile somo la Jumatano. Mpaka uwe na jibu. Hilo siwezi kulikwepa, Mama Levi."

Nikafungua mkoba, nikatoa funguo za stoo ya kanisa, nikaziweka mezani. Ziliniuma, nisidanganye. Lakini mgongo wangu ulikuwa umenyooka kuliko nilivyoingia.

"Na wimbo?" nikauliza.

Mzee akamwangalia Angwenyi. Angwenyi akasimama, akapenga kamasi kwenye leso. "Wimbo ni wa Mama Levi," akasema. "Nilikosa mimi. Mama, unisamehe."

"Nitakusamehe Homa Bay," nikamwambia. "Kwanza nione utaniweka wapi."

Aliniweka mbele, katikati. Siku ya kufunga makambi jua lilikuwa kali, watu wamejaa hadi kwenye miti, ziwa linameremeta kule chini. Watu wa kamera walipanga vyuma vyao. Mmoja wao, mwanaume mnene mwenye kofia, alinipiga picha ya kujaribu, akaitazama kwenye kioo cha kamera, akanikaribia kwa heshima.

"Mama, usiwe na wasiwasi," akaninong'oneza. "Haya meno tutayatengeneza kwenye kompyuta. Tunayapaka meupe, hakuna atakayejua. Tunafanyia watu wengi."

Kwaya ilikuwa imeshajipanga. Joyline alikuwa kulia kwangu, Mzee Ratemo yuko mstari wa kwanza wa watu. Sikunong'ona.

"Baba, usiguse," nikasema. "Hiyo ni chai ya mume wangu. Ukiifuta nitakufuata mpaka nyumbani kwenu."

Watu wakacheka, na Mzee Ratemo akatazama pembeni, kuelekea ziwani. Yule mwenye kofia akarudi nyuma ya kamera yake. Angwenyi akainua kijiti. Nikafungua mdomo wote, mpaka magego yakaona jua, nikaanzisha.