Lori la Duka la Pili

Fundi wa kompyuta akichoka hakuna anayemwonea huruma, maana watu humwona ameketi. Mwashi akishika kiuno ataambiwa pole. Fundi kompyuta akishika kiuno ataulizwa, "Na ile yangu itakuwa tayari lini?" Wiki nzima fundi wetu, mwanamke, alikuwa ameinama katika kibanda chake, katikati ya mshona viatu na muuza miwani, akifungua mashine za watu zilizojaa vumbi na makombo ya mkate. Macho yalikuwa mekundu, shingo haigeuki. Na leo Jumamosi mchana, saa ya wenye bahati kulala, alikuwa mlangoni kwa kaka yake kwa kazi ileile iliyomshinda Jumamosi tatu mfululizo.

"Karibu, wifi," mke wa kaka yake alimpokea mkoba, kisha akapunguza sauti. "Leo amesema ikishindikana, ubebe kompyuta uondoke nayo. Na ule mpira wa kufanyia mazoezi ya mkono ameutupa juu ya kabati. Yule mtu wa kumnyoosha viungo alikuja jana, kaambiwa arudi alikotoka."

"Kasema hivyo kweli?"

"Kasema. Na tangu asubuhi hajafungua tena mdomo."

Huyo kaka alikuwa dereva wa lori la tela kwa miaka ishirini na mbili. Wenzake walimwita Mzee wa Rivasi, kwa sababu tela ambalo wengine walilirudisha nyuma kwa jasho na matusi, yeye alilipenyeza kwenye nafasi yake huku akipiga mluzi. Hakumwachia mtu yeyote kuliegesha. Akishatundika ufunguo huenda nyumbani, na kabla hata ya salamu humwambia mkewe neno moja: "Limelala." Mkewe hujibu, "Karibu nyumbani," ndipo sufuria huwekwa motoni. Hivyo ndivyo walivyosalimiana tangu wakiwa maharusi. Miezi minane iliyopita kiharusi kilimkuta kwenye usukani, mkono wa kulia ukafa ganzi. Alirudi nyumbani kwa gari la hospitali, na neno lile halikusikika tena humo ndani.

Madereva wenzake, Mungu awabariki, walimnunulia gemu la kuendesha malori kutoka duka moja la mtandaoni, na usukani mdogo wa kuchomeka kwenye kompyuta. Walisahau jambo moja tu: gemu lenyewe linataka mikono miwili, mmoja usukani, mwingine gia na breki. Dada mtu akatafuta mtandaoni hadi akapata modi, yaani kifaili cha nyongeza kilichotengenezwa na mchezaji mmoja asiyemjua, naye wa mkono mmoja, kinachohamishia kila kitu kwenye vitufe vya upande wa kushoto. Unakinakili ndani ya folda ya gemu, unawasha, basi. Kazi ya dakika tano! Dakika tano hizo zilikuwa zimekula Jumamosi tatu.

Alimkuta kaka yake mbele ya kompyuta, mkono wa kulia umelazwa juu ya mto kama wa mtu mwingine.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Umekuja tena kutwanga maji?"

"Nimekuja na kinu kingine."

Hakucheka. "Leo ndiyo mwisho, mdogo wangu. Nimechoka kujifanya dereva."

Fundi akavuta kiti, akafungua folda, akafuta modi ya wiki iliyopita, akaweka nyingine mbichi, akahakiki kila jina la faili mara mbili. Kisha akamwachia kaka yake. Kaka akabonyeza picha ya lori kwenye kioo cha kompyuta kwa mkono wa kushoto, gemu likafunguka, injini ikanguruma. Akabonyeza kitufe cha gia. Lori likanguruma palepale lilipo, halikusogea hata unywele.

"Si nilisema," akasema kaka. "Zima. Chukua."

Na hapa niseme ukweli, ingawa mwenyewe hatapenda nikiusema: kuna kipande cha moyo wa fundi kilichofurahi. Beba kompyuta, ondoka, Jumamosi ijayo ulale mpaka jua likuchome mgongo. Halafu akautazama ule mkono juu ya mto, akaona aibu, na aibu ikageuka hasira.

"Sibebi kitu mimi! Nalifuta gemu lote, naanza moja."

Akalizima, akalifuta lote, tangu folda hadi faili la mwisho. Kisha akaegemea kiti akiwa hana nguvu hata ya kuanza kulipakua upya. Kaka yake, kwa ubishi tu wa kidereva, akanyoosha kidole cha kushoto akabonyeza ile picha ya lori.

Injini ikanguruma.

Wakatazamana.

"Mdogo wangu, si umelifuta?"

"Nimelifuta."

"Mbona linanguruma?"

"Labda ni mzimu wake," akasema fundi, na sauti yenyewe haikuwa na utani.

Jikoni mwiko ulianguka sakafuni. Wifi akatokeza mlangoni akijifuta mikono kwenye gauni, macho chini.

"Wifi yangu, usinikasirikie. Mimi nilinunua jingine."

"Jingine lipi tena?"

"Ile Jumamosi ya kwanza mliposhindwa, nikasema moyoni, pengine hili la wale madereva ni bovu. Nikanunua jipya duka lingine la mtandaoni, jirani akaja kuniwekea. Basi zikawa picha mbili za malori hapo kwenye kioo, zimefanana kama mapacha. Nikaondoa moja. Malori mawili ya nini, na dereva mwenyewe ni mmoja?"

"Na ukanyamaza wiki zote hizi!"

"Ningesemaje? Ulikuwa unakuja hapa umechoka hoi, nikwambie nimeutilia shaka ufundi wako?"

Fundi akaufunika uso kwa viganja. Jumamosi ya kwanza gemu la madereva lilikuwa limejisasisha lenyewe na modi ikapitwa, kosa dogo ambalo alilirekebisha wiki iliyofuata. Tangu hapo amekuwa akiiweka modi kwenye gemu la madereva, huku picha iliyobaki ikifungua lile jipya; amemvisha viatu mtu huyu na kumwambia yule atembee. Na kibandani kwake swali la kwanza kwa kila mteja wa magemu ni hili: ulilinunua duka gani? Ndugu zake hakuwauliza, kwa sababu ni ndugu. Mganga hajigangi, jamani! Akaanza kucheka, kicheko cha mchovu kisicho na mwanzo wala mwisho, hata wifi akacheka kwa woga.

Kazi iliyobaki haikuwa ndefu. Duka la pili huficha folda zake kwingine, na gemu lao lilikuwa nyuma kwa toleo moja. Akarudi kwenye ukurasa wa yule mtengenezaji, akapakua modi ya zamani, akaiweka mahali pake. Wifi akarudi jikoni asimwone mumewe akishindwa tena.

Kaka akabonyeza gia. Lori likasogea.

Gemu lilimpa mzigo, likamwonyesha barabara ndefu yenye milima pembeni. Akaikataa. Akaligeuza lori taratibu, akaliingiza kwenye yadi, akaanza kulirudisha nyuma. Tela likagonga ukuta. Akasogea mbele, akarudi tena, likapinda kama goti. Jasho likamtoka. Akajaribu kupiga mluzi, ukatoka upepo mtupu, mdomo ukiwa bado mzito upande mmoja.

"Kaka, si uende barabarani kwanza? Ujifurahishe."

"Siku ile nilitolewa kwenye usukani katikati ya barabara, taa zinawaka," alisema, macho kwenye kioo. "Akaja mwingine kuliegesha. Mpaka leo sijui aliliegesha vipi."

Kumbe ndilo lililokuwa likimkaba miezi yote hiyo.

Mara ya tano tela lilinyooka. Likaingia kwenye mistari yake polepole, likasimama. Akavuta breki kwa kidole gumba cha kushoto, akazima taa, akazima injini. Akaketi hivyo, anapumua.

"Limelala," akasema, kwa sauti ya kutosha kufika jikoni.

Jikoni sahani zilizokuwa zikigongana zilinyamaza zote.

"Karibu nyumbani," wifi akajibu, na sauti ikamkatikia njiani. Kisha ikasikika sufuria ikiwekwa motoni.

Kaka akaufuta uso kwa mkono wake mzima, akamgeukia dada yake, ambaye kope zilikuwa zinamfunga.

"Fundi wangu, niteremshie mpira wangu pale juu ya kabati. Halafu ulale hapo kwenye kochi. Chakula kikiiva nitakuamsha mwenyewe."