Mimba ya Fundi Cherehani

Simu ilipotetemeka juu ya meza ya kukatia, Fundi aliitupia kitambaa, kama mtu aliyeona nyoka chumbani. Alijua ni kliniki tena. Wiki iliyopita walimwarifu kwamba matiti yake yataanza kujaa. Mwanamume wa miaka sitini na tisa, mgane, eti matiti.

Lawama zote ni za kisanduku. Katika mfumo mpya wa kliniki, mama asiyejaza kisanduku cha namba ya simu hapokelewi, na mkwewe, mke wa mwanawe aliyekuwa kazini mbali, hakuwa na simu. Karani akamuuliza, kwani nyumbani kwenu hakuna hata moja? Ipo ya baba mkwe. Basi kisanduku kikajaa, karani akaridhika, na tangu siku hiyo Fundi akawa mjamzito.

Sasa, mkwe ni mkwe. Fundi hakuingia uani bila kukohoa kwanza. Mtu wa namna hiyo ataanzaje kumsimulia mke wa mwanawe habari za matiti? Kumpa simu asome mwenyewe nako kusingesaidia, maana binti shule ilimpita kando. Lakini kunyamaza pia hakuweza. Mimba ya kwanza iliharibika, na vijinguo alivyovishona vilibaki sandukuni, vimekunjwa. Hii ya pili aliiombea kila siku, na hakuthubutu kuikatia hata kikofia.

Akatafuta njia. Kati ya kibanda chake na jiko lilikuwepo pazia tu. Aliketi mbele ya cherehani, akapaza sauti.

"We cherehani, usinyanyue ndoo iliyojaa. Na mboga za majani ule, usijifanye hamnazo."

Wateja wakatazamana: masikini, mzee wa watu ameanza kuongea na vyuma. Nyuma ya pazia ndoo ikatuliwa chini, na mtu akacheka kwa kujibana. Ujumbe umefika.

Shida ilikuwa maswali. Kila Jumatatu kliniki iliuliza: kichwa kinauma? Unaona maruweruwe? Miguu imevimba? Bonyeza moja kwa ndiyo, mbili kwa hapana. Maagizo yanapita kwa cherehani, sawa, lakini swali je? Cherehani haijibu. Na kumnyamazia anayekujulia hali ni kukosa adabu. Basi Fundi akabonyeza mbili. Mbili, mbili, mbili. Mtu akiulizwa hali husema njema, hata kama anaugua, ndivyo alivyolelewa.

Kila asubuhi binti alimtungia uzi kwenye sindano, kwa sababu macho ya mzee yalishastaafu. Asubuhi moja uzi ulipita kulia kwa tundu, ukapita kushoto.

"Baba, leo sindano ina matundu mawili," alisema, akicheka.

Fundi hakucheka. Jicho lake, lililozoea kupima watu bila futi, lilishuka hadi miguuni. Kandambili zilikuwa zimeingia nusu tu. Yale maswali yote matatu yalimrudia kichwani, pamoja na zile mbili zake. Akaogopa kwelikweli. Akakohoa, akaigeukia cherehani, akafungua mdomo, akaufunga.

"Mwanangu," alisema, akimtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu siku ya harusi, "kichwa kinakuuma?"

"Tangu juzi, baba. Niliona aibu kukusumbua."

Huko kliniki, muuguzi alikitazama kishikwambi kabla ya kumtazama mgonjwa.

"Huyu mama hana neno. Wiki zote kajibu hapana. Miadi yake ni Alhamisi, leo ni wagonjwa wa dharura tu."

Fundi aligeuka nyuma. Mabenchi mawili ya wanawake, masikio wazi.

"Hizo hapana," alisema, "ni zangu."

"Zako vipi, mzee?"

"Mimi ndiye ninayejibu. Humo kwenye mashine yenu mjamzito ni mimi."

Benchi la mbele likaangua kicheko. Fundi akawaacha wacheke.

"Chekeni, lakini mpimeni mwanangu. Nimeshamsemea uongo wa kutosha."

Muuguzi alimfunga binti mkanda wa presha mkononi, akasoma namba, akapima tena, kisha akaita kitanda cha magurudumu.

Binti alilazwa siku kumi na moja. Mtoto wa kike alitolewa kabla ya wakati, mdogo, lakini sauti anayo.

Habari zikamfikia mkaguzi wa mifumo ya afya, mama mmoja mwenye daftari, akamfuata Fundi kibandani kumuuliza angependa nini kibadilike.

"Ulizeni simu ni ya nani," alisema Fundi. "Asiyesoma apigiwe, asikie sauti ya mtu. Na mtu akiwajibu njema mara tatu mfululizo, njooni mumwone."

Mkaguzi aliandika.

"Na mradi huu wa simu ukiisha," Fundi aliongeza, "nani atakuwa anauliza?"

Mkaguzi akaliandika na hilo.

Jumatatu iliyofuata simu ikatetemeka. Hongera mama, je, mtoto ananyonya vizuri? Bonyeza moja kwa ndiyo. Fundi akaiangalia cherehani, yenye kikofia kidogo kilichoshonwa nusu. Akakohoa.

"Mwanangu, kliniki wanauliza kama mtoto ananyonya."

"Ananyonya, baba," likajibu pazia. "Tena anauma."

Masikio yakamwaka moto. Akabonyeza moja.