Mkwe wa Saa Moja Asubuhi

Mzee Wakhisi aliambiwa mara tatu kwamba garimoshi la Nairobi siku hizi linafika Kisumu saa moja asubuhi, na mara zote tatu alicheka.

"Hilo gari nimelipanda tangu sijaota ndevu," alimwambia mkewe, Nabututu. "Hata waikarabati reli namna gani, saa nne halijafika hata Kibos, sembuse Kisumu."

Jambo lenyewe halikuwa la mzaha. Aliyekuwa njiani ni mama yake Nabututu, na kwa desturi ya kabila lao la Wabukusu, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani uso kwa uso wala hawakai chumba kimoja. Kwa miaka thelathini na mmoja Wakhisi hakuwahi kuteleza. Akimwona bibi huyo matangani, huzunguka nyuma ya migomba. Safari hii alikuwa amepanga kuondoka saa tatu, aende kwa rafiki yake kule Luanda Kotieno, akae huko mpaka mgeni aage.

Basi saa moja na nusu, Nabututu akiwa ametoka kununua maziwa, Wakhisi alioga bila haraka pale nyumbani kwao mtaa wa Migosi, Kisumu. Akatoka bafuni na taulo kiunoni, povu la sabuni kidevuni, akiimba wimbo wa kanisani.

Kwenye kochi alikuwa ameketi mama mkwe.

Wimbo ulikatikia hapo. Bibi alipiga yowe, akajifunika leso kichwa kizima. Wakhisi akarudi kinyumenyume, akajigonga kisogo, akajifungia bafuni na kuketi juu ya ndoo. Miaka thelathini na mmoja, imekwenda hivyo hivyo!

Nabututu aliporudi, alimkuta mama yake ameukabili ukuta.

"Mama! Umeletwa na nani?"

"Tuktuk. Nimekuta mlango wazi, nikaingia."

"Nabututu!" Sauti ilitoka bafuni. "Muulize amepanda nini kutoka Nairobi!"

"Garimoshi, Baba Wafula. Si nilikuambia?" Nabututu alimjibu mumewe.

"Mwambie haiwezekani!"

"Mwambie hata mimi nilikataa," bibi aliuambia ukuta. "Wahudumu waliposema ni Kisumu, niling'ang'ania kiti. Nikawaambia hii ni Muhoroni, msinidanganye. Mpaka wakanionyesha ziwa."

Nabututu aliweka maziwa chini yasimwagike, akaangua kicheko.

"Wewe cheka tu," sauti ya bafuni ilinung'unika. "Wazee wa ukoo nitawaambia nini mimi?"

Bibi aliinuka, akapapasa mlango, akatoka uani. Alipokuwa salama huko nje, alipaza sauti.

"Mwambie wazee watataka mbuzi kwa kosa hili. Atoe, asibishane. Na mimi nitatoa kuku."

"Kuku wa nini, Mama? Wewe umekosa nini?"

Bibi alijifunika leso upya.

"Sikufumba macho upesi."