Ngolo Alizomaliza Lidia

Mimi si mtu wa kununa kwa jambo dogo, lakini filamu ile ilinitia hasira tangu dakika ya kwanza. Kwenye riwaya yangu mama anaanza kwa kukohoa jikoni. Kwenye filamu anaanza kwa kuimba, meno yote nje, kama tangazo la dawa ya mswaki.

Ilikuwa Jumapili baada ya misa, ukumbi wa parokia, kijijini kwetu Mpepai, madirisha yamezibwa kwa mablanketi. Nyuma yangu alikaa mdogo wangu Lidia, aliyepanda kutoka Liuli, kule ziwani alikoolewa. Tangu kitabu kitoke, miaka sita, hajanisemesha. Simu zangu hapokei. Hata tulipomzika shangazi Gertruda alinipita kama hanijui. Nilikuja kwa ajili yake, si kwa ajili ya filamu. Nilitaka mdogo wangu anirudie.

Ugomvi wetu anaujua kila aliyekisoma kitabu. Jina nilibadilisha, lakini nani Mpepai hakumtambua? Niliandika kwamba binti alitoroka alfajiri kwenda kuolewa na Mwanglikana wa ziwani, akaacha sehemu yake ya ngolo, mashimo ya mashamba yetu ya mlimani, haijachimbwa. Baba alikwisha kufyeka na kulaza majani kwa miraba. Kazi yetu wasichana ilikuwa kuchimba katikati ya kila mraba na kuyafunika majani kwa udongo, maharage yapandwe. Asubuhi ile nilimwona mama akitoka shambani, miguu imejaa tope, nikajua kachimba yeye, na kifua chake kile kibovu. Mwezi uleule akafa. Sikuandika kwamba Lidia alimuua. Nilimwachia msomaji amalizie, na huo ndio ubaya wangu.

Filamu ikafika asubuhi ile. Binti amefunga mzigo wake. Badala ya kuondoka, akashika jembe.

"Uongo!" nikasema kwa sauti. William, mwongozaji wa filamu, alikuwa pembeni yangu.

Ukumbi ukaangua kicheko, maana mwigizaji alichimba mashimo mapana ajabu. "Huyo anachimba ngolo au kaburi?" akauliza mama mmoja.

Mimi sikucheka. Mashimo ya mama yalikuwa madogo, yamebanana, ungeyatambua ukiwa ng'ambo ya bonde. Nyumbani kwetu aliyechimba mapana, kwa pupa, akigombezwa kila mwaka, alikuwa mmoja tu. Nikaikumbuka sehemu ya Lidia shambani siku alipoondoka. Mashimo mapana, yote, mpaka chini kwenye kijito. Niliyaona kwa macho yangu, nikapanda maharage kwenye kingo zake, na bado nikaandika nilichoandika. Nilikuwa na uchungu, nikatafuta mtu wa kumbebesha.

"Nani alimfundisha huyo binti kuchimba?" nikamuuliza William.

"Mdogo wako mwenyewe, mwalimu. Nilimfuata Liuli kumuuliza ilikuwaje."

Filamu ilipokwisha watu wakatoka kunywa togwa. Lidia alibaki kitini. Nikamwendea.

"Kumbe ulizimaliza," nikasema.

"Nilizimaliza."

"Mbona hukuniambia, Lidia?"

"Uliniuliza?" Alimwonyesha William kwa kidevu, pale mlangoni. "Huyu kijana wa watu ametoka Dar kuja kuniuliza. Wewe dada yangu, tumenyonya ziwa moja, umejaza kurasa mia mbili hukuja hata siku moja."

Niliona aibu, na katikati ya aibu nikaona furaha, kwa sababu alikuwa ananisemesha. Nikavuta kiti, nikakaa mbele yake.

"Nisamehe, mdogo wangu. Nakuuliza sasa. Mama alikuona?"

Alilia kwanza. Nikamngoja. Kisha akanishika mkono.

"Aliniletea uji kulekule shambani," akasema. "Akaniambia, kunywa wote, mwanangu, ziwani ni mbali."